Siku Niliyomkimbia Mwenye Nyumba

Nilipohamishiwa kazi ya uuguzi Songea kutoka Dar es Salaam, jambo la kwanza nililofanya ni kumkimbia mwenye nyumba.

Alikuwa mama mjane wa mtaa wa Lizaboni, aliyenipokea mlangoni mikono ikiwa na unga. Akanizungusha: vyumba vitatu, jiko, bomba uani, na nyuma kishamba cha mahindi. Alipotaja kodi, nikadhani ni ya chumba kimoja.

"Ya nyumba yote, mwanangu. Na utalipa mwezi kwa mwezi."

Nilipigwa na butwaa. Kwa fedha hiyohiyo mimi na mume wangu tulipanga chumba kimoja Dar, choo tukichangia na familia tano, maji tukinunua kwa ndoo. Tena mwenye nyumba wetu wa huko alitaka kodi ya miezi sita kwa mkupuo. Na dalali mmoja wa hukohuko alishawahi kututapeli kwa nyumba ya bei poa namna hii. Nikamwambia mama nitarudi, nikatoka karibu nikimbie.

Kazini nilipowasimulia, wenzangu walicheka mpaka machozi. "Bei ya huku ndiyo hiyo. Tena amekupandishia kidogo!"

Kesho yake nikarudi kwa aibu. "Shikamoo mama."

"Marahaba." Nilipomweleza kwa nini nilikimbia, akashangaa. "Kwani huko kwenu mnaishije?"

Nikamhesabia kodi ya mwezi wa kwanza.

Mume wangu, fundi cherehani, alikuja mwezi uliofuata kunitembelea. Alisimama sebuleni na begi begani, akafungua mlango wa kwanza, wa pili, wa tatu. Akakaa chini sakafuni. "Miaka minane tunabanana chumba kimoja, kwa ajili ya nini?"

Akahamia. Akapata kibaraza cha kushonea mtaa wa Majengo. Siku ya kwanza alirudi akilalamika: kushona suruali huku hulipwa nusu ya Dar, na uzi ni ghali zaidi, maana unasafirishwa kutoka Dar hukohuko. Hilo nalo lilitushtua, hatukuwa tumelifikiria. Miezi kadhaa tulikula mshahara wangu peke yake, na tuligombana.

Mchana mmoja nikiwa nyumbani baada ya zamu, nikasikia hodi. Alikuwa mume wangu, saa ya kazi. Nikamfungulia haraka.

"Kuna msiba?"

"Msiba gani? Nimekuja kula, kwani si mwendo mfupi tu?"

Nikabaki nimeshika mwiko. Tangu tuoane, kwa umbali na foleni za Dar, hatukuwahi kula pamoja mchana wa siku ya kazi. Nikampakulia ugali, nikakaa kula naye.