Dumu la Mchanga la Mama Ntandu

Siku yangu ya kwanza kama muuguzi katika wodi ya mifupa, Singida, Sista Mkuu alinipeleka moja kwa moja kwenye dumu la mafuta ya kula lililojaa mchanga, likining'inia miguuni pa kitanda kwa kamba iliyofungwa kwenye mguu wa mgonjwa. "Likiguswa hilo, kazi yetu yote imeharibika," alisema. Maduka ya watu binafsi yalikuwa yamefunguka, madumu yamejaa mjini, ila vyuma vya uzito hospitali haikuwa navyo. Tukapima mchanga, tukafunga.

Ninyi vijana wa leo mnaunga mifupa kwa vyuma, sisi tulivuta. Misuli ya paja ina ubishi. Mfupa ukivunjika, inavuta vipande vinapandana, mguu unafupika. Uzito unaishinda polepole, kwa majuma mengi. Hiyo ndiyo traksheni.

Ntandu, mkulima wa Mungaa, aliletwa akiwa amevunjwa paja na mkokoteni. Mama yake alikuja kumuuguza. Kila mwanawe alipogumia, aliliinua dumu akaliweka juu ya stuli ili apumzike. Ilikuwa huruma tu. Eksirei ikaonyesha vipande vimepandana tena.

"Mtoeni huyo mama," alisema Mganga Mfawidhi. "Atamfanya mwanawe kilema."

Nilikataa. Nilimjua mama yule, angelala getini.

"Niachie mimi, daktari."

"Haya. Mguu ukifupika, utajibu wewe."

Nilimpa Mama Ntandu uzi. Tukapima mguu mzima, nyonga hadi kifundo, kisha ule mbovu. Uzi ukazidi.

"Kumbe namfupisha mwanangu mwenyewe?"

"Ni misuli, mama. Ila ulikuwa unaisaidia."

"Basi hapa hagusi mtu."

Na kweli. Wageni kutoka Mungaa walisalimia wakiwa mbali. Siku moja Mganga Mfawidhi mwenyewe alilishika dumu akiwa anaongea. "Daktari, liachie," mama alimwambia, hata hakuinuka. Akaliachia. Mimi nikageukia dirishani nisije nikacheka.

Miaka mingi baadaye niliagwa kazini. Hotuba nimezisahau. Ila Ntandu alikuja, kichwa kimejaa mvi.

"Shikamoo, sista."

"Marahaba, baba. Mama hajambo?"

"Tulimzika mwaka jana. Aliniagiza, siku ukistaafu nije nitembee mbele yako, ukague."

Akatembea mpaka getini, akageuka, akarudi. Nilikuwa nimeandaa maneno ya kuaga. Yote yalinitoka, nikalia mbele ya wakubwa wangu. Miguu ilikuwa sawa.