Kadudu Alibaki Porini

Juzi, pale sokoni Nachingwea, msafara wa bodaboda ulipita ukipiga honi, umewapakia watoto waliotoka jando, wamevaa miwani myeusi. Nilicheka, kisha ikanijia harufu ya muhogo wa kuchoma.

Siku kaka yangu alipotoka jando, nyumbani kwetu Lionja, wanawake walipiga vigelegele mpaka mbuzi wakakimbia. Alikuwa amenyolewa, anang'aa mafuta ya nazi, ameketi mkekani akitazama chini. Nikamkimbilia. "Kadudu!"

Bibi akaniziba mdomo kwa kiganja chenye harufu ya ugoro. "Kadudu hayupo tena. Huyu sasa anaitwa Hassani. Lile jina la utoto ukilitaja, unamtukana."

Mimi nikaelewa hivyo hivyo nilivyoambiwa: kaka yangu amebaki porini, na tumeletewa mtoto mwingine. Kwa hiyo ngoma ya wakubwa ilipokolea uani, nilichukua muhogo niliokuwa nimemfichia Kadudu, nikamsogelea yule mgeni.

"Mpelekee. Ulipomwacha, alikuwa amekula?"

Akanitazama kwa mara ya kwanza. Midomo ilimcheza. "Bado," akasema polepole. "Alikuwa anakuulizia."

Akaumega muhogo, akanipa kipande kikubwa, kama alivyofanya Kadudu siku zote.

Sasa ana wajukuu huko Mandawa, na mbele ya watu namwita Hassani kwa heshima zote. Lakini tukiwa wawili tu kwenye simu, huanza yeye: "Kadudu anakusalimia."