Matonge Yaliyoishia Getini

Barabara ya kupanda mlimani hadi kituo cha roketi, pale rasini Kagoshima, Japani, Bibi Hatsue aliijua kona kwa kona, maana yeye ni mmoja wa walioichimba. Wakati huo alikuwa bi harusi mpya. Wanaume walikuwa baharini, basi akina mama wakajifunga vitambaa kichwani, wakabeba udongo kwa vikapu mpaka mabega yakachubuka, na jioni wakaenda kuwapikia wataalamu. Hakuna aliyewalazimisha. Walitaka tu kitu cha kwao kifike angani.

Asubuhi moja Hatsue alipeleka matonge ya wali yaliyovishwa mwani, akaingia nayo hadi chumba cha mitambo. Siku hiyohiyo roketi ikaanguka baharini. Wataalamu hawakumlaumu mtu. Aliyebwata ni Gonzo, mlevi asiyeweza hata kujichemshia chai.

"Mungu wa mlima ni mwanamke, ana wivu! Nani kamruhusu mke wa Tokuji apande na nuksi yake?"

Watu walicheka, lakini neno lile likamkaa Hatsue rohoni. Tangu siku hiyo matonge yake yaliishia getini, naye akarudi ufukweni kutazama na wengine. Akazaa, akazeeka, akafiwa na mumewe Tokuji. Gonzo naye akafa na mdomo wake. Bado Hatsue hakuvuka geti.

Mpaka alipokuja Chinatsu, mwanamke aliyekuwa mkuu mpya wa kazi ya kurusha roketi, akapiga magoti sebuleni kwake.

"Bibi, kesho utakaa ndani na sisi."

"Ukome! Ikianguka je?"

"Ikianguka, lawama ni zangu. Mkuu ni mimi."

"Mwanangu, huwajui watu wa hapa. Watasema nuksi zilikuwa mbili!"

Wakacheka wote wawili, na Hatsue akapiga moyo konde.

Mle ndani aliwakuta wanawake tele mbele ya mitambo, na hakuna aliyewashangaa. Akakaa nyuma, amekumbatia kikapu, akiogopa hata kukohoa. Sauti ikaanza kuhesabu kurudi nyuma. Mara ikakatika.

Hatsue akainuka. Akajikongoja hadi mlangoni.

"Bibi, wapi tena?" Chinatsu akamwita.

"Nimewatia mkosi. Nisameheni."

"Mkosi gani? Nimeisimamisha mimi mwenyewe! Upepo wa huko juu sijaupenda, tutarusha kesho. Hebu rudi, tuna njaa, na wewe kikapu umekibana kama mtoto wa kuibiwa."

Chumba kizima kikaangua kicheko. Chinatsu akatafuna tonge, akameza, akainama mbele yake.

"Mimi napanda hapa kila siku kwa barabara yenu. Ahsante, Bibi."

Hatsue naye akainama, machozi yakimtoka. "Ahsante wewe, mwanangu." Huyu akainama, yule akainama zaidi, na kwa kuwa hakuna aliyekubali kuinuka wa kwanza, ilibidi mtu awatenganishe. Ule uzito wa miaka yote Hatsue hakuuona tena. Alishukuru kwamba ameishi mpaka kuyasikia maneno yale.

Kesho yake upepo ulitulia. Mlinzi wa getini alimwona Hatsue anakuja na kikapu cha matonge, akanyoosha mikono kukipokea, kama alivyozoea.

"Lete, Bibi."

"Toa mikono yako," akasema Hatsue. "Nayapeleka mwenyewe."