Mjane Yupi Alilia Vizuri

Usimwone mama mkwe wangu kimya hivi. Yeye huingiza sauti za Kiswahili kwenye filamu za nje. Kisa kimoja cha mjane kimetengenezwa filamu mara mbili, kila moja na mwigizaji wake, na wajane wote wawili waliongea kwa sauti yake. Nikipita naye mtaani, natembea kifua mbele.

Juzi tukiwa saluni, wateja walibishana kuhusu wajane hao.

“Yule wa kwanza alinitoa machozi,” alisema mmoja. “Huyu wa pili hajui kulia, anabana pua tu!”

Nikapandwa na hasira, nikafungua mdomo niwapashe. Mama akanifinya. Akatoa kichwa kwenye draya, akasema kwa sauti ileile ya mjane:

“Mnisamehe, wanangu. Ile ya pili nilikuwa na mafua.”