Mistari Arobaini na Moja ya Lalla Rkia

Jumanne, tarehe 14 Machi 2023, saa tatu asubuhi, Lalla Rkia Boussetta, Lalla yaani Bibi kwa heshima, amesimama kwenye meza ya saba ya kiwanda cha samaki katika mji wa bandari uitwao Safi, mabuti ya mpira miguuni, kisu kifupi mkononi. Anakata kichwa, anavuta utumbo kwa kidole gumba, anamlaza sadini ndani ya kopo. Mmoja mkia huku, mwenzake mkia kule. Wakitimia watano, kopo linaondoka.

Mpeleka hati wa mahakama anaingia na viatu vyake vya ngozi katikati ya maji ya samaki. Anaita jina la ukoo kwanza, kama wanavyoitwa watu kizimbani.

"Rkia, umepata mchumba!" anapaza sauti Hniya, mkongwe wa meza ile. "Mwambie avue viatu, vitanuka mpaka Idi!"

Meza nzima inacheka. Rkia anapangusa mikono kwenye aproni, anatia sahihi, anafungua bahasha. Anasoma polepole, midomo ikimchezacheza. Kisha anakaa chini, palepale kwenye maji.

"Wanasema nimeiba," anasema.

"Umeiba nini, dada?"

"Habari."

Hakuna anayecheka tena.

Rkia ana miaka 46. Hulipwa dirhamu mia moja na kumi kwa siku mashua zikileta samaki. Zisipoleta, anakaa nyumbani bila kitu. Mume yeyote aliyewahi kumfungulia mlango mkewe akitoka kwenye meza zile, na sasa ni mjane asiye na wa kumfungulia, hahitaji kuelezwa kazi hiyo inamla mtu namna gani.

Hakujua kusoma mpaka alipofika miaka 34, alipojiunga na kisomo cha wanawake msikitini. Mwalimu aliwaambia kwamba asiyetaka herufi zimtoroke anakili mara kwa mara. Rkia akanunua simu ya mtumba, akafungua blogu, akaiita Meza ya Saba. Humo akawa ananakili habari za viwanda vya samaki kutoka magazeti ya mtandaoni. Mchana aliwasomea wenzake, wengi wao wasiojua hata alifu, huku wakila mkate na dengu. Sadini hawamgusi.

Kunakili kwake kulikuwa na sharti. Baba yake alikuwa akisomesha Kurani, na nyumbani kwao maneno ya watu hayakuchezewa.

"Baba alitufundisha, ukichukua neno la mtu unataja jina lake kwanza, kisha unalifikisha lote," anasema. "Ukipunguza, umemsingizia. Ukiongeza, umemsingizia. Mimi sijui namna nyingine."

Kwa hiyo kila habari ilitanguliwa na jina la gazeti, jina la mwandishi na tarehe, kisha herufi zote mpaka nukta ya mwisho. Hata makosa ya gazeti aliyaacha yalivyo. Kwa miaka yote hiyo alinakili habari 212, na hakuna aliyemwambia neno.

Kilichomponza ni habari moja, yenye mistari arobaini na moja.

Septemba iliyopita, mashine ya kufunga makopo ilimkata Mbarka Zeroual vidole viwili vya mkono wa kulia. Mbarka alikuwa meza ya saba pia. Idriss Chakkouf, mwandishi wa gazeti moja la mtandaoni, alikuja akamhoji. Alimhoji na msimamizi wa zamu, ambaye, kwa kiburi au kwa ujinga, alimjibu hivi: "Kinga ya chuma tuliitoa mwezi wa saba. Ilikuwa inatuchelewesha."

Habari ilikaa mtandaoni siku kumi na moja, ikatoweka. Wiki iliyofuata, kwenye ukurasa wa mbele wa gazeti lile, kukatokea tangazo la makopo ya kiwanda. Hakuna aliyeeleza lolote. Msimamizi naye sasa anakana kwamba aliwahi kufungua mdomo.

Mbarka amefungua kesi ya kudai fidia. Kiwanda kinasema kinga ilikuwapo, yeye mwenyewe ndiye aliyeitoa. Na mahali pekee ambapo maneno ya msimamizi yalikuwa yamebaki ni kwenye blogu ya mwanamke aliyekuwa akijifunza herufi.

Ndipo gazeti, baada ya miezi sita, likakumbuka kwamba lina hakimiliki. Habari ifutwe, na nakala zake zote, ndani ya saa arobaini na nane, la sivyo Rkia ashtakiwe kwa dirhamu elfu sitini.

Mkaguzi wa kazi aliandikiwa barua tangu Septemba aje aitazame mashine ile. Mpaka leo hajatia mguu. Wakubwa wana sheria zinazopanda gari na sheria zinazotembea kwa magongo, na mtu wa mabuti ya mpira daima hupelekewa ile ya gari.

Alasiri ya siku ileile, Rkia na Mbarka walipanda ngazi hadi ofisi ya wakili wa gazeti, Ustadh Lamrini, kama mawakili wanavyoitwa huko. Aliwakaribisha vizuri, akawamiminia chai ya mnanaa, jambo ambalo Mbarka anasema lilimtisha kuliko kama angewafokea.

"Lalla Rkia, sheria haikukatazi kunukuu," alisema wakili. "Chukua mistari miwili, mitatu, taja chanzo, andika maoni yako. Hiyo ni nukuu fupi, ni haki yako. Wewe umebeba habari nzima."

"Lakini nimetaja gazeti, Ustadh! Juu kabisa! Sikuongeza hata herufi."

"Ndilo tatizo. Ungekata kipande, ukaandika ya kwako, leo tusingekuwa tunakunywa chai hii."

Rkia aliweka bilauri chini. "Yaani ningemkata mtu maneno yake ndiyo ningekuwa mwaminifu?"

"Ungekuwa ndani ya sheria," wakili akajibu.

Mbarka akatoa mkono wake uliofungwa kitambaa, akauweka mezani.

"Na maneno yangu je? Humo ndani nimesema mimi. Maumivu yangu, hospitali, mwanangu aliyenilisha kwa kijiko. Na hayo ni ya gazeti?"

"Maneno ni yako, bibie. Habari ni ya gazeti."

"Basi na vidole viandikeni jina la kiwanda, tumalize!"

Wakili alianza kukusanya bilauri. Hakuwa mtu mbaya, Rkia anasisitiza. Alikuwa mtu anayelipwa na wengine.

Walipotoka walimpigia simu Idriss. Alikwishaacha kazi kule, sasa anauza bima. "Dada yangu, niliandika kwa mkono wangu, lakini hata koma si yangu," alisema. "Nilitia sahihi mkataba siku ya kwanza. Sauti ya msimamizi ilikuwa kwenye simu ya ofisi, na simu niliirudisha." Alipoulizwa kama atakuja kuyasema hayo mahakamani, alisema ana watoto wawili.

Kesho yake mchana, wanawake wa meza ya saba waliketi juu ya makreti wachague mistari mitatu ya kubakiza. Ulikuwa mchana wa ajabu. Rkia alisoma, wenzake wakabishana.

"Bakiza ule wa damu kwenye makopo," alisema mmoja.

"Damu haithibitishi kitu, samaki nao wana damu," Hniya akamkata. "Bakiza wa kinga."

"Na mimi mnaniacha wapi?" Mbarka akauliza. "Mnamwacha msimamizi, mimi mnanitoa?"

Ndipo Hniya, asiyejua kusoma wala kuandika jina lake, akafumba macho akaikariri habari yote, mstari wa kwanza hadi wa arobaini na moja, kama alivyoisikia akila dengu. Alipomaliza akagonga paji la uso. "Hapa napo waje wapafute. Waje na hati yao!"

Walicheka mpaka wengine wakatokwa machozi. Lakini wakili wa Mbarka alipoambiwa, alisema mahakama haitapokea ushahidi wa habari iliyohifadhiwa kichwani mwa bibi wa miaka sitini na tatu.

Kabla ya jua kuzama, Rkia aliifuta. Alibakisha mistari mitatu, ule wa kinga ukiwa katikati, na chini yake kiungo cha ukurasa wa gazeti. Ukikigusa kiungo hicho, unafunguka ukurasa mweupe.

Na sasa kiwanda kinautumia weupe huohuo. Wakili wake ameiandikia mahakama kwamba mistari mitatu isiyo na asili ni uzushi wa mfanyakazi mwenye chuki. Habari ikiwa nzima ni wizi. Ikikatwa ni uongo. Waliotunga mambo haya wana shahada ukutani, na usiku wanalala vizuri.

Rkia hajaacha. Kesi ya Mbarka itasikilizwa tarehe 6 Juni, na mpango wake ni mmoja: kuiomba mahakama iliamuru gazeti lenyewe lilete habari ile. Amekwishaandika barua, kurasa mbili, siku nne za kazi, bila kumnakili mtu yeyote.

"Hii ni ya kwangu toka juu mpaka chini," anasema, akicheka kidogo. "Wakitaka kuninukuu, wachukue hata yote."

Barua iligongwa muhuri wa mahakama tarehe 3 Aprili. Mpaka tunaandika, haijajibiwa. Mstari wake wa mwisho unasomeka hivi: "Mheshimiwa Hakimu, gazeti limeniandikia kwamba habari ya vidole vya Mbarka ni mali yake, je, unaweza kuliuliza mali hiyo limeiweka wapi?"