Alhamisi Niliyomfuata Baba

Jambo hili nimelificha miaka mingi, na hata sasa nikilisema masikio yananiwaka.

Ilikuwa miaka ya tisini, tukilima majani chai kule Nyacheki, na baba akaanza tabia: kila Alhamisi anaoga, anavaa koti lake la Sabato (Alhamisi, jamani!), anakwenda Kisii mjini na kurudi jioni kimya kabisa. Mama akaniambia mzee amepata mwanamke. Nami, badala ya kumwambia amuulize mwenyewe, nikaamua kumfuata.

Nilimwona akipanda ngazi kando ya duka la vitambaa la Mhindi mmoja. Nikamuuliza mwenye duka huko juu anakaa nani, akanitazama, akasema nimuulize mzee mwenyewe, na hapo shaka yangu ikawa imani. Nikapanda. Kulikuwa na wazee watatu kwenye benchi (wapenzi wa huyohuyo mwanamke, nikawaza, mjinga mimi), na nyuma ya pazia sauti ya kike inasema, "Teremsha suruali, mzee, ulale kwa ubavu."

Nikalivuta pazia kwa hasira, likang'oka na fimbo yake. Baba amegeukia ukuta, matako wazi, na daktari, mama wa makamo, amevaa glavu. Sasa sisi Wagusii tuna chinsoni, ile heshima ya mzazi na mwana: uchi wa baba hauonwi. Mimi niliuona, na benchi zima likauona, isipokuwa mzee mmoja aliyejifunika uso kwa kofia.

Baba alipokwisha kuvaa, daktari akaniketisha, akasema ni saratani ya tezi dume. Wangeinyima homoni ya kiume inywee, lakini wataalamu wengine walikuwa wanashuku kuna seli shina chache zisizoitegemea homoni hiyo, ambazo hubaki na kuuzaa ugonjwa upya.

Baba akasema, bado anatazama ukuta, "Ni kama sangari kwa shamba. Unalima, mizizi inabaki." Kisha akaongeza, "Usiambie mama yako."

Sikumwambia. Nilifika nyumbani nikaapa hakuna mwanamke, na mama akanitazama kwa jicho lilelile alilomtazamia baba.

"Kumbe na wewe amekuhonga," akasema.

Tangu siku hiyo simfuati mtu, awe mke, awe mtoto. Nilikwenda kumfumania mwanamke, na mpaka leo natamani ningemkuta.