Kitanda cha Bibi Kilichovalishwa Viatu

Maranda ya mbao yakilowa hutoa harufu ya chai iliyolala, na harufu hiyo ndiyo iliyoijaza nyumba yetu ya Ruziba msimu ule ziwa lilipopanda na kukataa kushuka. Nilikuwa mtoto wa shule ya msingi, na nchi yenyewe ilikuwa bado changa, imetoka juzi tu mikononi mwa Wabelgiji. Baba alikuwa seremala, karakana yake ikiwa chumba cha mbele, na maji yalipoingia kwa mara ya kwanza yaliyabeba maranda yote yakayatembeza chini ya meza na kabati hadi jikoni kwa mama, kama wageni wanaoikagua nyumba kabla ya kuipanga. Hatukuogopa. Wazee walisema kwamba ziwa hupanda na mvua na hushuka na jua. Mwaka ule jua liliwaka, na maji yakaendelea kupanda. Naandika haya kwa sababu kisa chetu bado husimuliwa kwenye harusi za Buyenzi, mtaa wa mjini, kama kichekesho, kila msimuliaji akitia chumvi yake, na mimi niliyeitumikia serikali kwa kusahihisha maandishi ya watu wengine siwezi kuondoka duniani nikiyaacha ya kwetu na makosa.

Bibi, mama yake baba, alikuwa hasimami tena. Nyonga zilikuwa zimemkatalia. Majirani waliokuwa na wagonjwa waliinua vitanda kwa matofali, lakini kwa baba, kitanda kukalia tofali ilikuwa aibu kwa fundi. Yeye alikiunganishia miguu. Maji yalipofika magotini aliiongeza, yalipopita magoti akaiongeza tena, na kwa kuwa hakuweza kufanya kazi bila mzaha, mwisho wa kila mguu alichonga kiatu cha mwanamume, chenye kisigino na kamba zilizofungwa vizuri. Mama alimwuliza viatu vya nini. Baba akajibu, bila kucheka, kwamba kitanda cha mtu mzima hakiwezi kusimama majini peku kama mtoto wa mtaani. Wasimuliaji hudai kwamba kitanda kile kiligusa dari. Si kweli. Kilifika kifuani kwa baba, na Bibi alipandishiwa chakula kwa ngazi. Waliokuja kumjulia hali walisimama ndani ya maji, videvu vyao vikiwa sawa na godoro, naye akawatazama kutoka juu na kuwauliza, “Nyinyi wa huko chini, hamujambo?” Watu walicheka hadi wakashika kuta. Kuta zilikuwa za matofali mabichi, na mikono yao ilitoka na udongo.

Mama hakucheka. Alipika ndani ya moshi, juu ya meza ya randa, huku kuku wakimtazama kutoka juu ya kabati, na kila alipoyasikia maneno ya mumewe alisema mzaha mzaha hutumbua usaha. Mimi nilikuwa upande wake. Nilikuwa mtoto wa aibu, nisiyependa kutazamwa, na mateso yangu makubwa yalitokana na desturi ambayo kila mtu wa kwetu anaijua: bibi na mjukuu wa kiume ni watani, kama babu na mjukuu wa kike, na bibi humwita mjukuu mumewe. Nilipoingia kutoka shuleni, nimekunja suruali, daftari kichwani, Bibi alipaza sauti ili mtaa wote usikie. “Bwana yangu huyo! Tazameni mwanaume gani huyu, samaki wamejaa sebuleni, na hajaniletea hata mumoja!” Mtani hujibu mzaha kwa mzaha. Mimi nilisema kila siku lile lile, kwa sauti ya mtoto anayesoma ubaoni: “Bibi, mimi ni mjukuu wako tu.” Naye kila siku alivunjika moyo waziwazi, akageukia ukuta na kusema kwamba ameolewa na padri.

Kisha nyumba ya jirani ikaanguka mchana kweupe, taratibu, kama mtu anayekaa chini kwa uchovu. Hakuna aliyekuwa ndani. Siku ile ndipo baba alipoelewa alichokuwa akikifanya: kadiri alivyomwinua mama yake kutoka kwenye maji, ndivyo alivyomsogeza karibu na paa litakalomwangukia. Akamwomba tuhame. Bibi akakataa. Alisema amehamishwa na kila mtu tangu usichana wake, amehamishwa na wazazi, na wakubwa wa Wabelgiji, na mume, na watoto wa mume. “Sasa na maji nayo yanihamishe? Apana. Mi sitoki.” Baba akamsihi. Mjomba akaja kutoka Buyenzi, akasihi pia. Lakini kwa adabu yetu, mtoto hambebi mzazi wake kwa nguvu huku mzazi akipiga kelele. Maji yangeweza kumwua, ila laana ingeufuata ukoo mzima. Usiku baba alilala ameketi kwenye ngazi, amepakata nyundo, na mapande ya ukuta yalianguka majini moja moja, kwa sauti ya chura anayeruka. Sijawahi kuona mtu aliyekosa la kufanya kama baba yangu kwenye ngazi ile.

Asubuhi mama alinishika bega, mkono wake ukiwa wa baridi. “Mwambie we,” alisema. “Sisi ni watoto wake, yeye hatusikii. We ndiye bwana yake.” Nilimwambia kwamba huo ni mzaha. Akaniambia kwamba hana kitu kingine kilichobaki. Nilipanda ngazi ile kama anayepanda kuhukumiwa. Chini yangu, baba alikuwa amekumbatia mguu wa kitanda, amefumba macho. Nikasema, “Mke wangu, tunahama.”

Bibi aliwatazama baba na mama huko chini, kisha akanigeukia mimi. Alijua ni nani aliyenituma na kwa nini. Lakini utani una sheria zake, naye hakuwa mwanamke wa kuzivunja. “Unanihamisha, we?” aliuliza. “Umejenga wapi?”

Niliuona ukuta nyuma ya kichwa chake, umepasuka hadi mwanga ukaingia. Nikasema kwa sauti yangu ya ubaoni, kwa kuwa sikuwa na nyingine: “Sijajenga. Lakini kitanda kimeshavaa viatu. Kinatungoja sisi tu.”

Alicheka hadi akakohoa, na machozi yakamtoka. “Haya! Padri amesema!” Akawaita waliokuwa chini. “Mwanaume wangu ameamuru, mi nifanye nini? Lakini sibebwi kama gunia. Natoka na kitanda changu.” Ndipo ilipoonekana kwamba kitanda, Bibi akiwa juu yake, hakikuweza kupita mlangoni kwa urefu wake. Baba alishika msumeno, na Bibi akapiga yowe kwamba viatu visikatwe. Hadi leo watu husimulia kwamba tulibomoa nyumba nzima kwa ajili ya kitanda. Nasahihisha: ukuta ule haukuwa ukuta tena. Wanaume wanne waliusukuma kwa viganja, ukaenda kama uji, wakatoka na kitanda mabegani mwao, Bibi akiwa juu yake, viatu vya mbao vikikanyaga maji nyuma yao. Tulipofika barabarani tuligeuka, na nyumba ilikuwa imelala.

Bibi alifariki kabla ya mavuno ya maharagwe, Buyenzi, katika kitanda kile kile kirefu, kwenye ukumbi wa mjomba. Baba aliishi miaka mingi, akiajiriwa katika karakana za wengine, akitengeneza madawati na majeneza yaliyonyooka. Sikumwona tena akichonga kitu cha kuchekesha. Hicho ndicho ambacho wasimuliaji wa harusini hawakitaji.

Leo ninaishi Kajaga, kando ya ziwa lile lile, katika nyumba ya saruji niliyoijenga baada ya kustaafu, na ziwa limerudi. Nimeziandikia ofisi zote zinazohusika, kwa lugha ya heshima, na nimejibiwa kwamba nithibitishe makazi yangu kwa cheti cha ofisi ya mtaa, ambayo yenyewe imo majini. Nimekataa kuondoka. Mwanangu amenisihi, majirani wamenisihi, na juzi mwanangu alimleta binti yake, mjukuu wangu, aliyesimama mlangoni na mabuti yake, mtoto mwenye adabu, aliyelelewa kwa Kifaransa. “Papi, tafadhali,” alisema, “Papa anasema twende.”

“We ni nani wangu?” nilimwuliza.

“Mjukuu wako, Papi.”

“Na nani tena?”

Alimtazama baba yake, naye baba yake akayatazama maji: hata yeye sikuwahi kumfundisha utani. “Mjukuu wako tu,” alisema.

Jibu lilikuwa sahihi. Ningekuwa bado kazini ningeligongea muhuri. Nilikunja miguu pale kitandani, nikainama kutazama matofali yaliyokishikilia kitanda changu, na maji yaliyokuwa yakiyalamba. Kitanda kiko peku.